MGB GT au Datsun Z: lipi la kufufua nyumbani ukiwa Mombasa?

Juma lililopita mpwa wangu alinitumia picha kumi na moja kwenye simu na swali moja: "Mjomba, nichukue lipi?" Picha sita zilikuwa za MGB GT ya kijani ya 1970, imelala chini ya mwembe katika uwanja wa nyumba ya zamani Kizingo, matairi yamekaa chini, majani yamejaa kwenye kioo. Tano zilikuwa za Datsun 260Z nyekundu iliyoegeshwa nyuma ya ghala moja Changamwe, inang'aa kama bwana harusi. Bei ya Datsun ilikaribia mara mbili ya ile ya MGB. Kijana anataka kulifufua gari mwenyewe, kwao Tudor, chini ya banda la mabati, jioni akitoka kazini na siku za Jumapili.

Nimeishi na MGB GT ya 1966 kwa miaka tisa, na minne kati ya hiyo ilipita gari likiwa juu ya mawe. Shemeji yangu wa Nyali ana 240Z, na nimeshika spana kwake mara nyingi kiasi cha kujua linapouma. Kwa hiyo jibu nililompa mpwa lilikuwa refu kuliko alivyotaka.

Kwanza nimtoe mtu wasiwasi wa kuagiza. Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari la mtumba lililopita miaka minane, wala usukani wa kushoto. Maneno yote haya ni ya magari ambayo tayari yako nchini, na mengi yameshaketi pwani miaka mingi. Hilo ndilo tatizo lenyewe.

Magari yenyewe

MGB ilianza kuundwa Abingdon, Uingereza, mwaka 1962, ikiwa gari la wazi la watu wawili. GT, yenye paa na mlango wa nyuma, ilifuata 1965, na umbo la paa lake lina mkono wa Pininfarina wa Italia. Magari haya yaliendelea kutoka hadi 1980, zaidi ya nusu milioni kwa jumla. Injini ni ya silinda nne, cc 1798, kabureta mbili za SU. Ukimwona mtu anauza MGB ya wazi hapa Mombasa, mpongeze na uendelee na safari yako. Jua letu na mvua ya Mei havina huruma na turubai.

Datsun 240Z ilitoka Japani mwaka 1969: silinda sita kwa mstari mmoja, cc 2393, springi huru kwenye magurudumu yote manne. 260Z iliyofuata ikapanda hadi cc 2565. Kwa mwendo na sauti, hakuna mashindano hapa. MGB hukohoa kwa adabu. Z ikipanda Nyali Bridge kwa gia ya tatu, hata muuza madafu anageuka.

Halafu kuna jina. 240Z ilishinda Safari Rally mwaka 1971, Edgar Herrmann akiendesha na Hans Schüller pembeni yake, ikashinda tena 1973 kwa Shekhar Mehta na Lofty Drews. Sehemu ya bei ya Z nchini inatokana na hapo, na ni kweli inastahili heshima yake. Ila kila muuzaji wa Z niliyekutana naye ana hadithi kwamba gari lake "lilikimbia Safari". Mimi huomba kuona chini. Gari lililokimbia Safari kweli lina makovu ya kuchomelewa na bati za kukinga tumbo. La huyu wa Changamwe lina puti tu, ule udongo wa kuzibia mashimo kabla ya rangi.

Lala chini kabla hujafungua boneti

Karibu kila mnunuzi huanza na injini. Anafungua boneti, anaomba iwashwe, anasikiliza kwa kichwa kilichoinama kama daktari. Kwa mtu wa Nakuru au Eldoret labda ni sawa. Hapa kwetu injini ni kitu cha baadaye. Injini ikifa hufufuka: krenki itasagwa, silinda zitachongwa, beringi zitawekwa mpya, na mji wa bandari hauna uhaba wa mafundi waliozoea kazi hiyo, maana meli na malori havijawahi kukoma kuharibika. Lakini bodi iliyoliwa na chumvi haina duka.

MGB haina chesis ya kujitegemea; bodi ndiyo chesis. Nguvu yake iko kwenye sili, ule ubavu mnene unaopita chini ya mlango kutoka gurudumu la mbele hadi la nyuma. Sili ya MGB ni tabaka tatu: bati la nje unaloliona, ukuta wa ndani katikati, na reli ya chini inayofunga sanduku. Maji yenye chumvi huingia, yakakosa pa kutokea, na sanduku likaoza kutoka ndani huku nje pana rangi nzuri. Chukua bisibisi, lala chini, bonyeza reli ile nyuma ya gurudumu la mbele. Ikiingia kama kwenye mkate, hesabu sili zote mbili.

Habari njema ni kwamba ugonjwa huu unajulikana, na dawa yake inauzwa. Sili, sakafu, madigadi, hata masanduku ya betri yanapigwa upya Uingereza kwa vipimo vya asili. Tangu 1988 British Motor Heritage wanauza bodi nzima mpya ya MGB. Hakuna anayekutaka ununue bodi nzima, lakini maana yake ni kwamba hakuna kipande cha bati la MGB ambacho utakikosa ukiwa na subira na pesa.

Habari mbaya ni jinsi ya kuibadilisha. Yangu niliipeleka kwa fundi wa bodi ambaye sitamtaja. Akaliweka gari kwenye stendi mbili mbele na mbili chini ya ekseli ya nyuma, akakata sili zote mbili siku moja, akaondoka kwenda kuswali Ijumaa. Alasiri nilipokuja, mlango wa dereva haukufunga. Gari lilikuwa limelegea katikati kama jahazi lililokaa vibaya juu ya mchanga. Chini, kati ya mlango na bati la nyuma, sarafu ya shilingi ishirini ilipita ikicheza. Juu, ukucha haukuingia. Paa la GT lilisaidia kidogo, halikutosha. Ikabidi tuinue katikati kwa jeki milimita kwa milimita, tuchomelee bomba kukatisha uwazi wa mlango, kisha tukate tena upande mmoja mmoja. Miezi mitatu ilipotea kwa sababu ya mchana mmoja. Kwa hiyo kabla ya kununua MGB, tazama uwazi wa mlango kuanzia juu hadi chini. Ukiwa mpana chini na mwembamba juu, kuna mtu ameshafanya kosa hilo kabla yako na akalipaka rangi.

Sasa Datsun. Wajapani wa wakati ule walijenga gari jepesi, na wepesi ulitoka kwenye unene wa bati. Kutu ya Z ina makao mengi kuliko ya MGB, na mengine hayaonekani hadi umevua nusu ya gari:

Chini ya betri kwanza. Asidi hudondoka, hula sinia ya betri, kisha hushuka kwenye reli ya mbele inayobeba injini na usukani. Hapo pakioza, gari halina uso. Ya pili ni zile reli mbili zilizochomelewa chini ya sakafu, ambazo ni masanduku ya bati jembamba. Mawe huzibonyeza, maji huingia, mchezo umekwisha. Ya tatu ni chini ya kioo cha mbele, kule kwenye matundu ya hewa: majani ya mwembe huziba njia ya maji na mvua ikaishia kwenye miguu ya dereva. Halafu kona ya chini ya bati la nyuma, kati ya mlango na gurudumu, pamoja na tao la gurudumu la nyuma ambalo ni bati mbili zilizopigwa pamoja, na katikati yao ndimo chumvi inamolala. Na ukingo wa chini wa mlango wa nyuma. Na pale gurudumu la spea linapokaa. Naweza kuendelea.

Mzee mmoja fundi wa bodi Shimanzi, aliyenifundisha kazi ndogo ninazozijua, alipoiona 240Z ya shemeji mara ya kwanza alizunguka mara mbili na sumaku aliyoitoa kwenye spika ya redio mbovu, ameifunga kwa kitambaa isikwaruze. Kila mahali sumaku iliposhika alinyamaza. Ilipoanguka alisema neno moja tu: "Puti." Tulihesabu puti kumi na nne. Moja, kwenye sakafu ya abiria, chini yake tulikuta bati la paa, lile la mabawa, geji 30, limepigwa ribiti na kupakwa lami. Mtu alifunika shimo la gari kama anavyofunika banda la kuku.

Vipande vya Z navyo vinapatikana, Marekani na Japani hasa, lakini si kwa upana wa MGB, na bei zake zimepanda pamoja na bei za magari. Vingi vya Marekani ni vya usukani wa kushoto. Sakafu na reli zitakufaa, dashibodi haitakufaa. Masanduku mengi utayakunja mwenyewe. Ukiwa na fundi anayejua kukunja bati la geji 18 na 20 na kulichoma kwa mig, ile mashine ya kuchomelea kwa waya, bila kulipindisha, sawa. Ukiwa wewe ndiye fundi huyo, na hii ndiyo bodi yako ya kwanza, mpwa wangu, jifunzie kwenye kitu kingine.

Hewa yenyewe

Hili linahusu magari yote mawili, na watu wa bara huwa hawalielewi. Hapa, ukikwangua bodi hadi chuma cheupe saa kumi jioni ukasema praima itakuwa kesho, asubuhi utakuta chuma kimepata rangi ya chai ya tangawizi. Hata chini ya banda. Kwangua kipande unachoweza kukipaka siku ile ile, basi. Na praima iwe ya epoksi. Ile ya kawaida ya kijivu hunywa unyevu, na gari likikaa nayo miezi sita utakuwa umepaka sifongo. Usiweke puti juu ya chuma kitupu.

Rangi ya mwisho niliipaka mwishoni mwa Januari, kaskazi ikivuma, kati ya saa nne asubuhi na saa saba. Shemeji alipaka Mei, rangi ya NC, ile inayokauka upesi, akakuta gari zima limepata ukungu mweupe kama kioo cha friji. Tina huruka haraka, bati hupoa, mvuke wa hewa unakaa juu ya rangi mbichi. Alikwangua yote akangoja miezi minane.

Nati za inchi na pini za Z

Jambo dogo ambalo litakula muda wako kuliko injini. MGB imefungwa kwa nati za inchi: 7/16, nusu, 9/16. Duka lolote la spea Mwembe Tayari litakupa spana za milimita. Za inchi utazitafuta. Wenye haraka huchukua ya 13 kwa nati ya nusu inchi. Nusu inchi ni milimita 12.7. Ile sehemu tatu za kumi za milimita ndiyo inayokula kona za nati, hasa nati yenye kutu, na baada ya hapo ni patasi na matusi. Nunua seti kamili ya inchi kabla hujanunua gari. Datsun ni 10, 12, 14, na kila mtoto wa gereji anazo mfukoni. Hapa Z imeshinda wazi.

Isipokuwa pini za nyuma. Kwenye Z, mkono wa chini wa springi ya nyuma umeshikwa na pini ndefu moja inayopita ndani ya kitovu cha gurudumu, na katikati yake kuna kabari ndogo ya kuifunga isizunguke. Kwenye gari lililokaa pwani, pini ile na kitovu huwa kitu kimoja. Sisi tulitumia siku tatu upande wa kushoto: mafuta ya taa usiku kucha, moto wa gesi asubuhi, nyundo ya ratili kumi mchana. Siku ya pili tulikuwa tunapiga kwa zamu, jirani akaja kuuliza kama tunachimba kisima. Mwishowe tukaikata pande zote mbili na kupeleka kitovu kwa mwenye mashine ya kubana. Upande wa kulia ulitoka kwa dakika ishirini. Hakuna sababu, ndivyo chumvi inavyogawa.

Nyuma ya MGB kuna springi za majani kama za lori, na mhunzi yeyote wa Changamwe anajua kuzikunja na kuongeza jani. Mbele kuna kingi pini, zile ambazo magurudumu hugeukia, zinazotaka grisi mara kwa mara. Ukizisahau zinakufa, ukizikumbuka zinakuzika wewe.

Injini, kwa ufupi

Zote mbili ni ngumu. Ya MGB ni ya chuma kitupu kuanzia bloku hadi hedi, rahisi kama jiko la makaa. Kwa kuwa petroli yetu haina risasi tangu 2006, hedi ya zamani ya chuma inahitaji viti vigumu vya vali ya ekzosi, kazi ya siku moja kwa fundi wa mashine. Ya Z ina hedi ya alumini yenye viti vilivyopachikwa tayari. Haina shida hiyo, ila alumini haipendi kuchemka hata mara moja. Kipenyo cha silinda za 240Z ni milimita 83, sawa na cha ile L16 ya cc 1595 iliyokuwa kwenye Datsun 1600. Ni injini za ukoo mmoja, na fundi mzee aliyezifungua Datsun za miaka ya sabini hataishangaa Z.

Kabureta za Z ni Hitachi zilizofuata mfano wa SU, kwa hiyo ukijua za MGB umejua hizi. Fungua kofia ya juu, toa pistoni, safisha kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, rudisha mafuta mepesi kwenye bomba la katikati. Pistoni ikishuka na kugota kwa sauti ya "tok", iko sawa. Ikishuka kimya, imekwama.

Kuhusu joto: kwenye foleni ya Makupa au kungoja feri Likoni, MGB huanza kupanda mshale. Redieta isafishwe, na weka themostati ya digrii 74, ile iliyokusudiwa nchi za joto, badala ya 82. Usiiondoe kabisa kama mafundi wengi wanavyofanya hapa.

Umeme

MGB hadi 1967, upande wa chanya wa betri ndio uliofungwa kwenye bodi. Yangu ni mojawapo. Siku moja fundi wa umeme alikuja kuangalia taa, akaona betri, akasema, "Yakhe, hii wamekufungia kinyume," na nikiwa jikoni naandaa kahawa akaigeuza kwa wema wake wote. Redio ya asili, iliyokuwa imevuka miaka hamsini ikisema, ilitoa moshi mwembamba wa buluu na kunyamaza. Dinamo ikabidi ielekezwe upya. Tangu siku hiyo nimeandika kwa rangi nyeupe ndani, karibu na betri: CHANYA CHINI. USIGUSE. Hiyo ya Kizingo ni ya 1970, kwa hiyo ni hasi kwenye bodi kama magari ya leo, na ina alteneta. Betri zake ni mbili za volti sita, nyuma ya viti, ndani ya masanduku chini ya sakafu. Weka moja ya volti kumi na mbili, uache sanduku la pili litupu.

Z ina wayaringi nzuri zaidi, ila mkondo wote wa taa kubwa hupita kwenye swichi ya usukani, na kisanduku cha fyuzi hupata moto hadi plastiki ikayeyuka. Weka rilei mbili, zibebe mkondo huo badala ya swichi. Ni kazi ya alasiri moja.

Nyumbani kuna nafasi gani?

MGB ina urefu wa karibu mita 3.9 na upana wa mita 1.5. Z ni mita 4.1 na zaidi kidogo, upana mita 1.63. Tofauti inaonekana ndogo hadi unapotaka kufungua milango yote na kuzunguka na mashine ya kuchomelea. Banda la Tudor lina mita tano na nusu. MGB ingeingia na benchi likabaki, Z ingeingia na benchi likatoka nje. Injini ya silinda sita nayo ni ndefu. Kuitoa pamoja na gia boksi unahitaji winchi ya cheni inayoweza kusogea mbele na nyuma, au gari lenyewe lisogee. Ya MGB tuliitoa kwa bomba tatu na cheni, watu watatu, kabla ya adhuhuri. Usiifunge cheni kwenye mwembe wa dada yangu, ameshanionya.

Mashine ndogo ya mig inafanya kazi kwa stima ya nyumbani. Ukiwa na ya fimbo tu, usiguse bati la bodi nayo, itatoboa. Ukichomea bati la zinki, fanyia mahali penye hewa, moshi wake si wa mchezo.

Spea, ushuru na logbuku

Kilindini tunaiona, lakini haitupunguzii kitu. Ushuru hupigwa kwenye bei ya spea pamoja na nauli na bima, kisha VAT ya asilimia 16 juu ya hapo. Sili ni nzito na ndefu, na nauli ya ndege ikiingia kwenye hesabu, kodi nayo inapanda. Kwa MGB, andika orodha ndefu mara moja na uilete kwa meli. Kwa Z nimeona watu wakinunua kipande kimoja kimoja kwa sababu hakionekani mara mbili, na mwisho wa mwaka nauli imezidi vipande.

Logbuku, ile karatasi ya umiliki, ndiyo inayovunja biashara kuliko kutu. Magari haya mengi yana namba za kabla ya mfululizo wa KAA, na mwenye jina kwenye karatasi mara nyingi ameshatangulia mbele ya haki. Hapo huhitaji tu sahihi ya mtoto wake. Familia inatakiwa iwe imemaliza mirathi, kwa Kadhi au mahakama nyingine, ndipo uhamisho ufanyike kwenye mfumo wa NTSA, mamlaka inayosajili magari. Linganisha namba ya chesis na karatasi. Kwenye Z imechongwa kwenye ukuta wa injini, si rahisi kuichezea. Kibati cha MGB kimefungwa tu ndani ya boneti, kinahamishika, kwa hiyo tazama kama ribiti zake ni za zamani kama kila kitu kilicho karibu nazo.

MGB ya Kizingo ina logbuku ya mjane mwenyewe, jina lake, hai. Z ya Changamwe "karatasi ziko Nairobi". Nadhani mumeelewa.

Kama mfuko hautoshi kwa lolote

Kuna Datsun 1200 kupe, iliyoundwa 1970 hadi 1973, cc 1171. Si gari la michezo kwa ukali wa neno, lakini lina kilo mia saba na kidogo na linacheza. Pikapu za 1200 zilizotokana nayo ziliuzwa sana huku kwetu, na nyingi za spea za injini na breki zinaingiliana. Ukiikuta iliyokaa bara, usiulize maswali mengi.

Nilichomwambia

Achukue MGB. Z ni gari bora, na siku shemeji akiniazima huwa sirudi mapema. Kama ile 260Z ingekuwa imekaa Nanyuki miaka ishirini na chini yake ni kavu, na kama kijana angekuwa na fundi wa bodi ndani ya familia, ningemwambia auze pikipiki yake akailipe. Lakini Z iliyopakwa rangi mpya pwani, bila karatasi, kwa bei mara mbili, mnunuzi akiwa ndiyo kwanza anajifunza kuchomelea? Ile MGB mbaya chini ya mwembe angalau haimfichi kitu. Sili mbili, sakafu ya upande wa dereva, masanduku ya betri, na labda kona za chini za madigadi. Kwa mtu wa jioni na Jumapili, hapo ni miaka miwili na nusu, akipata baraka za stima.

Alinijibu, "Lakini mjomba, ile nyekundu…" Nikamwambia aende nayo sumaku.

Jumamosi tunakwenda Kizingo pamoja, saa mbili asubuhi kabla jua halijawa kali, na bisibisi, tochi, gunia la kulalia na jeki mbili. Seti yangu ya spana za inchi nimemtolea kabatini nikaipangusa. Ya 9/16 haimo. Nadhani iko kwa shemeji, na shemeji anasema iko kwangu, kwa hiyo mpwa ameambiwa atafute nyingine Mwembe Tayari kabla ya Ijumaa.